Si muziki wa shetani, ni vijana wa Hamburg

Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, nilikuwa nimejinyoosha kochini baada ya chakula, gazeti limenifunika uso, mara nikasikia hodi. Nilipofungua mlango nilimkuta jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama wa watoto watatu, bado yumo katika nguo zake za kanisani. Mkononi alikuwa na simu ya kijana wake wa kidato cha tatu. Aliishika kwa vidole viwili kana kwamba ameokota panya aliyekufa.

"Jirani, wewe ni mtu wa magazeti," alisema bila hata kunijulia hali. "Hebu nisomee hili jina. Si hii ni jehanamu wameandika hapa?"

Nikaangalia. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mtu aliyejitanda joho, na juu yake jina kwa herufi kubwa: Helloween. Nyuma ya mama alisimama kijana mwenyewe, ameinamisha kichwa, akichezea kifungo cha shati. Nikajua leo ni leo, maana aliyempa kijana huyo jina la albamu ile ni mimi. Wiki iliyotangulia tulikuwa kwenye foleni ya maji uani, mitungi imejipanga, naye akaniuliza huwa ninasikiliza nini kila asubuhi nikiteremka ngazi. Nikamwambia. Sikujua kwamba angeitafuta siku hiyohiyo.

"Karibu ndani, mama," nilisema. "Hii si habari ya kuzungumziwa mlangoni."

Mpenzi msomaji, nakiri hadharani kwamba mimi ni shabiki sugu wa muziki uitwao pawa metali, na mapenzi haya hayajanitoka tangu nilipokuwa shule ya upili. Najua katika mitaa yetu mtu akisema anapenda roki hutazamwa mara mbili. Wazazi wengi wanakumbuka mwaka wa 1994, Rais Daniel arap Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini. Tume ilimaliza kazi yake lakini hofu haikuisha. Hivyo sikumlaumu jirani yangu hata kidogo. Ningekuwa mimi, na mwanangu awe amejifungia chumbani na jina kama lile, pengine ningekuwa nimeshamwita mchungaji.

Nilianza na jina, kwa kuwa ndilo lililomleta. Huko Ulaya na Marekani kuna jioni ya Oktoba 31 ambapo watoto huchonga malenge, wakayatoboa macho na mdomo, wakaweka mshumaa ndani, kisha wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Vijana wanne wa mji wa Hamburg, Ujerumani, walipounda bendi yao mwaka wa 1984 walichukua jina la jioni hiyo, wakabadilisha herufi moja kwa utundu wao. Hata ile herufi ya O katika jina lao ukiitazama vizuri ni lenge linalocheka.

"Lenge!" alisema mama, akaisogeza simu karibu na macho.

Utundu wenyewe ulikuwa na maana yake. Muziki wa hevi metali ulizaliwa Uingereza, na baba zake walikuwa watu wenye nyuso za huzuni. Black Sabbath, wana wa mji wa viwanda wa Birmingham, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka wa 1970, na ilikuwa nzito, ya polepole na yenye kiza. Wakaja Judas Priest na Iron Maiden wakauongezea mwendo na makali. Mwaka wa 1976 bendi ya Rainbow ikatoa albamu ya Rising, mwimbaji akiwa Mmarekani mfupi wa kimo aitwaye Ronnie James Dio, mwenye sauti ya mtu wa futi saba, naye akaleta habari za wachawi na minara. Vijana wa Hamburg walikulia katika hayo yote. Walichofanya wao ni kuchukua magitaa yaleyale makali na kasi ileile, halafu juu yake wakaweka tuni ambazo mtoto wa chekechea angeweza kuzishika. Kwa kifupi, walileta furaha mahali ambapo furaha ilionekana kuwa aibu.

Hiyo ndiyo pawa metali, na ndiyo sababu watu wa metali wenyewe waliicheka kwa miaka mingi. Kwao mwanamume wa metali hununa. Hawa walikuwa wakitabasamu.

Ili mama aelewe nilimwambia afikirie bata majini. Juu bata ametulia, anateleza tu, shingo imenyooka. Chini ya maji miguu inakwenda mbio usiione. Katika muziki huu miguu ya bata ni mpiga ngoma. Hukaa akiwa na kanyagio mbili za ngoma kubwa, moja kwa kila mguu, naye huzipokezanisha haraka kiasi kwamba sikio linasikia mngurumo mmoja badala ya mapigo. Shingo ya bata ni mwimbaji. Yeye hana haraka. Huvuta sauti ndefu, ya juu, iliyopanuka, mfano wa mtu anayeongoza wimbo wa kanisani siku ya Pasaka. Kasi iliyo chini na utulivu ulio juu vikikutana, mtu husikia kifua kikipanuka. Sijapata maneno bora zaidi ya kulieleza jambo hilo tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita.

Nikamwomba kijana aturudishie albamu mwanzo. Ilikuwa Keeper of the Seven Keys, sehemu ya kwanza, ya mwaka wa 1987.

Kabla ya albamu hiyo, mpiga gitaa Kai Hansen ndiye aliyekuwa akiimba pia. Katika Walls of Jericho ya mwaka wa 1985 unamsikia akihangaika kama mama anayebeba mtoto, ndoo na mkoba kwa wakati mmoja. Ikaamuliwa atafutwe mwimbaji. Aliyepatikana alikuwa kijana wa miaka 18 wa mjini humohumo Hamburg, Michael Kiske. Sijui mwalimu gani wa kwaya angemkataa kijana yule. Sauti yake hupanda ngazi bila kushika ukuta. Hansen akabaki na gitaa lake, Michael Weikath akiwa kwenye gitaa la pili, Markus Grosskopf kwenye besi, na Ingo Schwichtenberg kwenye ngoma. Hata mkubwa wao hakuwa amevuka miaka 24. Wakaenda mji wa Hannover kurekodi.

Vijana hao walitaka kutoa albamu mbili kwa pamoja. Kampuni yao ikakataa, ndiyo maana kazi ikagawanywa, sehemu ya pili ikatoka mwaka wa 1988. Mashabiki wenzangu hulalamikia uamuzi huo hadi leo. Mimi naona kampuni iliwafaa bila kukusudia. Sehemu ya kwanza inasikika kama watu waliofurahi kugundua kwamba wanaweza kukimbia. Katika sehemu ya pili wameshazoea mbio na sasa wanazichezea. Ukinilazimisha kubaki na moja nitachukua ya pili, ingawa wimbo wa taratibu ulioko katika ile ya kwanza, ambao Kiske anaimba karibu akilia, nitauomba unifuate mfukoni.

Wimbo uliobeba jina la albamu unakaa dakika 13 na zaidi, na ndio niliotaka mama ausikie, kwa kuwa una hadithi. Mtu mmoja anakabidhiwa funguo saba ili amfungie ibilisi nje ya dunia. Anasafiri akizitupa katika bahari, moja baada ya nyingine: bahari ya chuki, ya woga, ya upumbavu, ya tamaa, ya ujinga, na hata ya maradhi. Njiani ibilisi anambembeleza aache.

Mama alisikiliza tafsiri yangu huku ameegemea mbele. "Kumbe ni kama Ufunuo," alisema hatimaye. "Saba, saba, saba."

"Ni kama Ufunuo, mama, ila una magitaa."

Kijana akacheka kwa mara ya kwanza. Mke wangu akaleta chai. Nilidhani kesi imekwisha na mshtakiwa ameachiliwa, lakini jirani yangu si mtu wa kuondoka na nusu ya habari. Alikuwa bado anasikiliza. Akauliza swali ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike makala haya.

"Huyu anayepiga ngoma ana miguu mingapi?"

Miwili tu. Ingo Schwichtenberg alizaliwa mwaka wa 1965, kwa hiyo sehemu ya kwanza ilipotoka alikuwa na miaka 21. Katika picha za miaka ile wenzake hukunja uso kidogo ili waonekane watu wa metali. Yeye hawezi. Kila picha anacheka. Mashabiki walimpa jina la utani lenye maana ya Bwana Tabasamu, na jina likamkaa. Ukisikiliza albamu zile mbili kwa makini utagundua kwamba furaha ninayoisema haitoki kwa mwimbaji wala kwa magitaa. Inatoka kwake. Wapiga ngoma wengi wenye kasi hupiga kama watu wanaofukuzwa. Ingo anapiga kama mtoto anayeteremka mlima mbio, mikono ameiachia, akijua hataanguka.

Baada ya hapo mambo yaliharibika upesi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1989 Kai Hansen alikuwa ameshaondoka, akaenda kuunda bendi yake ya Gamma Ray. Waliobaki wakaingia katika kesi na kampuni yao ya zamani, na albamu iliyofuata ikachelewa hadi mwaka wa 1991. Ile ya mwaka wa 1993, iitwayo Chameleon, wengi waliikataa. Ina tarumbeta, ina nyimbo za polepole, ina kila kitu isipokuwa ile mbio ya mlimani. Mimi siichukii kama wengine, ila kila nikiisikiliza nasikia watu ambao hawakai tena meza moja.

Katika mwaka huohuo wa 1993 Ingo alishindwa kuendelea na safari za maonyesho, akaachana na bendi. Alikuwa anaugua skizofrenia.

Mama aliniuliza ni ugonjwa gani huo. Nilimweleza ninavyoelewa. Ni ugonjwa wa ubongo kama vile kisukari kilivyo ugonjwa wa sukari mwilini. Aghalabu huanza mtu akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya balehe au katika miaka ya ishirini. Mgonjwa huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akaamini anafuatwa, au akanyamaza tu na kujitenga, akaacha kuoga, akaacha kazi, wenzake wakasema amekuwa mvivu au ana kiburi. Si laana wala si malezi mabaya. Dawa zipo na huwasaidia wengi, lakini zinataka subira, na tatizo kubwa ni kwamba mgonjwa akipata nafuu huona hazihitaji tena. Duniani kote wanaougua ni zaidi ya milioni 20.

"Na huyu alipona?"

Hakupona. Machi 8, 1995, Ingo alijitoa uhai mjini Hamburg. Alikuwa na miaka 29.

Nilipoitaja ile miaka nilimwona jirani yangu akiweka kikombe chini polepole. Kijana wake alimtazama mara moja, kisha akatazama sakafu. Hapakuwa na aliyesema neno kwa muda. Halafu mama akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na kikombe, "Huo ndio umri wa ndugu yangu." Ndugu yake mdogo amekuja kukaa kwao tangu Januari. Sisi majirani tulijua yupo, lakini sikumbuki kumwona kwenye ngazi zaidi ya mara mbili.

Sikuuliza. Nilimwongezea chai.

Kijana ndiye aliyetuokoa. "Anko," akasema, "na baada ya hapo bendi ilifanya nini?"

Basi nikaendelea, na ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu kalamu zenu na ziwe karibu, maana hapa ndipo penye albamu za kutafuta.

Mwaka huohuo wa 1995 Gamma Ray walitoa Land of the Free. Mwimbaji wao alikuwa ameondoka, na Kai Hansen akalazimika kuimba tena mwenyewe, ile kazi aliyoikimbia miaka minane nyuma. Sauti yake haikuwa imegeuka kuwa nzuri kwa miujiza. Bado ina ukwaruzo na wakati mwingine inafika juu kwa kupanda ukuta badala ya ngazi. Lakini ndani yake kuna wimbo alioutoa kwa ajili ya Ingo, Afterlife, na huo huwezi kumpa mwimbaji mwingine. Hansen hakuufanya uwe wa kuomboleza. Aliufanya uwe wa mbio, ngoma zikinguruma chini, jinsi marehemu mwenyewe alivyopenda kupiga. Katika wimbo mwingine wa albamu hiyo anakuja kuimba Michael Kiske, ambaye naye wakati huo alikuwa ameshafukuzwa Helloween.

Upande wa pili, Helloween wenyewe, sasa wakiwa na mwimbaji mpya Andi Deris, walitoa The Time of the Oath mwaka wa 1996, nao wakaitoa kwa kumbukumbu ya Ingo. Tazama basi hali hiyo. Marafiki wanampoteza mwenzao, na wanamlilia katika nyumba mbili tofauti kwa kuwa hawapatani. Ni jambo tunalolijua vizuri sana sisi wenye koo zilizogombania mashamba.

Wakati huo mbegu ilikuwa imeshapeperuka mbali. Huko Krefeld, Ujerumani, Blind Guardian walikuwa wakigeuza vitabu kuwa nyimbo. Nightfall in Middle-Earth ya mwaka wa 1998 imejengwa juu ya The Silmarillion, kitabu cha J.R.R. Tolkien ambacho wengi hukianza na wachache hukimaliza. Mimi ni miongoni mwa waliokimaliza kwa sababu ya albamu. Bendi hii ina wimbo wa gitaa tupu, wa mwaka wa 1992, ambao jukwaani mwimbaji wao Hansi Kürsch huwaachia watazamaji, nao huuimba maelfu kwa maelfu tangu mwanzo hadi mwisho, yeye amesimama tu akiwasikiliza.

Waitaliano wa Rhapsody, kutoka mji wa Trieste, walileta vinanda, kwaya na majoka kuanzia mwaka wa 1997. Majoka ni mengi mno. Nawapenda kama mtu anavyopenda keki ya harusi: kipande kimoja.

Wafini wa Stratovarius walitoa Visions mwaka huohuo wa 1997, albamu safi iliyong'arishwa kama kioo, na mpiga gitaa wao Timo Tolkki ndiye aliyetunga sehemu kubwa. Nilipokuwa shule niliisikiliza nikidhani mtu anayeweza kupanga muziki kwa unadhifu kiasi kile lazima awe na kichwa kilichotulia. Mwaka wa 2004 Tolkki aliporomoka kiafya, madaktari wakamwambia ana ugonjwa wa akili unaomtupa mtu kati ya furaha iliyopita kiasi na huzuni isiyo na mwisho. Yeye alilisema hadharani, na bado yuko hai.

Lakini albamu ambayo ningetaka kila nyumba ya Afrika Mashariki iwe nayo ni Holy Land ya mwaka wa 1996, ya bendi ya Angra kutoka São Paulo, Brazil. Hawa ni watoto wa Hamburg kwa namna fulani. Albamu yao ya kwanza, Angels Cry ya mwaka wa 1993, walivuka bahari kwenda kuirekodi mjini humo, katika studio ya Kai Hansen. Ni nzuri, ila ni ya wageni wanaojitahidi kuzungumza Kijerumani kuliko Wajerumani. Walipofika Holy Land walikumbuka kwao. Inasimulia Brazil wakati Wareno walipofika, mwaka wa 1500. Ngoma zinazosikika humo ni za Brazil, na ngoma za Brazil mama yake ni Afrika, iliyopelekwa huko ikiwa imefungwa minyororo. Wimbo mmoja wa dakika zaidi ya kumi unaanza kwa mdundo ambao nilipoucheza nyumbani, babu yake mke wangu alianza kutikisa bega kabla hajauliza ni nini.

Wanafunzi wa historia watakumbuka kwamba msafara uleule wa Pedro Álvares Cabral uliofika Brazil ulipinda kusini mwa Afrika ukapanda pwani yetu, ukatia nanga Kilwa na Malindi mwaka huohuo wa 1500. Merikebu zinazoimbwa katika albamu ile babu zetu wa pwani waliziona kwa macho.

Mwimbaji wa Angra, Andre Matos, alikuwa amesomea muziki wa kale wa Ulaya na alikuwa na sauti nyembamba ya juu iliyowagawa watu. Mimi nilikuwa upande wake. Alifariki Juni 2019 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 47.

"Hawa watu wako wanakufa sana," alisema jirani yangu.

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo bei ya kuwapenda watu kwa muda mrefu. Na kwamba habari haikuwa imefika mwisho.

Kwa miaka mingi Kiske hakutaka hata kusikia neno metali. Mwaka wa 2001, kijana mwingine wa Kijerumani, Tobias Sammet, alipomshawishi aimbe katika albamu ya Avantasia, alikubali kwa sharti la kuandikwa kwa jina lingine, akaitwa Ernie. Sisi tulimtambua kwa sauti kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Ni kama nyanya yako ajifiche nyuma ya pazia halafu akohoe.

Kisha mwaka wa 2017 likatokea lile ambalo tulikuwa tumeacha kulitarajia. Hansen na Kiske walirudi Helloween, na hapakuwa na aliyefukuzwa ili kuwapisha. Andi Deris alibaki. Weikath na Grosskopf, ambao hawakuwahi kuondoka, walibaki. Wakawa saba jukwaani, waimbaji watatu, wakazunguka dunia kuanzia Mexico. Katika maonyesho yale ilifika zamu ya ngoma kupigwa peke yake. Mpiga ngoma wao wa sasa, Dani Löble, hakuitwaa zamu ile mwenyewe. Nyuma yake kwenye kioo kikubwa ilionyeshwa picha ya Ingo akipiga, miaka ile, akicheka, na Löble akawa anajibizana naye, huyu anapiga, yule anajibu. Nimeitazama kwenye simu. Si kitu cha kutazamwa ndani ya matatu, abiria watakuuliza umefiwa na nani.

Mwaka wa 2021 wale saba walitoa albamu iitwayo Helloween tu, ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Ujerumani. Mwaka wa 2025 wakatoa nyingine. Ya 2021 ndiyo ninayoirudia. Ina nyimbo mbili tatu ambazo zingeweza kubaki studio bila hasara. Lakini wimbo wa mwisho, alioutunga Hansen, unakaa dakika 12, na waimbaji wote watatu wanapokezana ndani yake. Wanasikika kama ndugu waliozeeka, kila mmoja akimwachia mwenzake kiti. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika kurekodi albamu hiyo Löble alitumia ngoma zenyewe za Ingo, zilezile za enzi ya Keeper. Zilikuwa zimehifadhiwa.

Nilipofika hapo kijana alisema jambo bila kumtazama mtu.

"Mjomba anaupenda wa tai."

Mama yake akageuka. "Mjomba gani?"

"Mjomba. Usiku husikiliza na mimi. Mimi naweka sikio hili, yeye hili." Akaonyesha ule uzi wa kusikilizia, ncha mbili. "Huo wa tai huniambia rudisha. Jana tumerudisha mara nne."

Wimbo anaousema unaitwa Eagle Fly Free, nao ndio unaofungua mbio za sehemu ya pili baada ya utangulizi mfupi. Katikati yake Kiske ananyamaza, na kila mpiga chombo anapewa nafasi yake fupi: magitaa, besi, halafu wenzake wote wanakaa kando na kumwachia Ingo.

Jirani yangu alikuwa ameinuka tayari kwenda. Alisimama pale na mkoba wake kwapani, akimtazama mwanawe kwa muda. Kisha akaketi tena, akanyoosha mkono aletewe ncha moja ya ule uzi, akaitia sikioni chini ya kitambaa chake cha kanisani.

"Weka huo," akasema. "Uniambie akifika yule wa ngoma."